Njia za Dharura za Kuzuia Mimba Baada ya Kujamiiana Bila Kinga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi tena na tena pale kondomu inapopasuka, kidonge cha kila siku kinaposahaulika, au mtu anapojamiiana bila kinga yoyote naye hakuwa tayari kupata mimba. Mwenye haraka asome majibu matatu ya kwanza, aende akapate huduma, kisha arudi kuyasoma yaliyobaki akiwa ametulia, kwa kuwa makosa mengi hufanyika katika siku zinazofuata baada ya kidonge kumezwa.

Nimejamiiana bila kinga. Je, bado nina muda?

Ikiwa hazijapita siku 5, yaani saa 120, bado unao. Saa hizo huhesabiwa kuanzia tendo lenyewe, na kama mlijamiiana zaidi ya mara moja, hesabu ianzie mara ya kwanza. Hata hivyo, kuwa na siku 5 hakumaanishi kwamba siku hizo zote ni sawa. Kidonge kinachomezwa ndani ya saa 24 kina nafasi kubwa zaidi ya kulitangulia yai kabla halijatoka kwenye ovari kuliko kile kinachomezwa siku ya tatu, na aina moja ya kidonge hupungua nguvu sana baada ya saa 72. Kwa hiyo aliyejamiiana usiku hana sababu ya kusubiri mwisho wa wiki upite, wala hana sababu ya kukata tamaa kwa kuwa siku tatu zimekwisha pita.

Ni njia gani zilizopo?

Zipo za aina mbili: vidonge vya kumeza, na kitanzi cha shaba ambacho wengi hukiita lupu.

Kidonge kinachopatikana zaidi ni cha levonojestreli, ambacho watu wengi hukifahamu kwa jina la P2; kwenye pakiti jina la dawa huchapishwa Levonorgestrel. Dozi yake ni miligramu 1.5. Baadhi ya pakiti huwa na kidonge kimoja cha miligramu 1.5, na nyingine huwa na viwili vya miligramu 0.75 kila kimoja. Vidonge hivyo viwili vinaweza kumezwa kwa pamoja, ingawa maelezo ya zamani yalitaka cha pili kimezwe baada ya saa 12. Kuvimeza kwa pamoja hakupunguzi nguvu ya dawa, na kunaondoa hatari ya kusahau cha pili.

Kidonge cha pili kwa aina ni ulipristali, miligramu 30, kinachomezwa mara moja. Kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2009 na Marekani mwaka 2010, nacho hakipatikani kila mahali, na katika baadhi ya nchi hutolewa kwa cheti cha daktari tu.

Pale ambapo vyote viwili havipo, vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango vyenye vichocheo (homoni) viwili vinaweza kutumika kwa dozi kubwa inayomezwa mara mbili kwa tofauti ya saa 12. Njia hiyo inajulikana kwa jina la daktari wa Kanada aliyeieleza katika miaka ya 1970, Albert Yuzpe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba levonojestreli peke yake inazuia mimba vizuri zaidi na haileti kichefuchefu kingi kama njia hiyo, ndiyo maana leo imebaki kuwa akiba tu. Idadi ya vidonge hutegemea kiasi cha dawa kilichomo katika kila kidonge, kwa hiyo usikisie. Mhudumu wa afya au mfamasia akuhesabie.

Kitanzi cha shaba huwekwa ndani ya mji wa mimba na mhudumu aliyefunzwa, ndani ya siku 5 baada ya kujamiiana. Kati ya njia zote za dharura, hicho ndicho chenye uhakika mkubwa kuliko vyote.

Nichague ipi?

Ukiweza kukipata kitanzi cha shaba kwa wakati, na ukiwa tayari kukitumia, hakuna kidonge kinachokifikia. Ukihitaji kidonge na ulipristali ikawepo, inafaa zaidi hasa ikiwa zimepita saa 72, au ikiwa unadhani uko karibu kabisa na siku ya yai kutoka. Ikiwa levonojestreli ndiyo pekee iliyo mbele yako, imeze sasa. Mtu anayezunguka siku mbili akitafuta dawa iliyo bora huweza kujikuta amepoteza faida yote ya ubora huo, kwa maana kidonge cha kawaida kilichomezwa leo kina thamani kuliko kizuri kitakachopatikana keshokutwa.

Vidonge hivi hufanya nini mwilini?

Huchelewesha yai kutoka kwenye ovari. Hilo ndilo jambo la msingi, na karibu kila jibu lingine katika ukurasa huu linatokana nalo.

Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, ilhali yai likishatoka huishi kwa saa 12 hadi 24 tu. Hivyo mimba nyingi hazitungwi wakati ule ule wa tendo. Mbegu hufika mapema, zikakaa katika mirija ya uzazi zikilisubiri yai. Kidonge cha dharura hutumia nafasi hiyo. Kikimezwa kabla ya ubongo kutoa kwa wingi kile kichocheo kinacholiamuru yai litoke, huzuia au huahirisha amri hiyo, na yai linapokuja kutoka siku kadhaa baadaye, mbegu zilizokuwa zikisubiri zimekwisha kufa.

Tofauti ya aina mbili za vidonge iko hapo. Levonojestreli hufanya kazi kabla kichocheo hicho hakijaanza kupanda. Kikishaanza kupanda, haina tena uwezo wa kukirudisha. Ulipristali inaweza kuliahirisha yai hata baada ya kichocheo kuanza kupanda, alimradi hakijafika kileleni. Yai likishatoka, hakuna kidonge kati ya hivyo kitakacholirudisha.

Kitanzi cha shaba kina njia yake. Shaba hudhoofisha na kuua mbegu za kiume, huathiri pia uwezo wa yai kurutubishwa, na inaweza kuzuia yai lililorutubishwa lisijishikize katika ukuta wa mji wa mimba. Kwa kuwa hakitegemei kuahirisha yai, hufanya kazi hata pale ambapo vidonge vimechelewa.

Je, kumeza kidonge cha dharura ni sawa na kutoa mimba?

Hapana. Ikiwa mimba imekwisha kujishikiza katika mji wa mimba, levonojestreli haiwezi kuiondoa, na haijaonekana kumdhuru mtoto aliye tumboni pale mwanamke alipoimeza bila kujua kwamba tayari alikuwa mjamzito. Dawa zinazotumika kutoa mimba ni nyingine kabisa, na hufanya kazi kwa njia nyingine. Ni vyema jambo hili lielezwe wazi, kwa sababu wapo wanaoacha kumeza kidonge kwa hofu ya kidini au ya kisheria isiyohusiana nacho, na wapo pia wanaokimeza wiki ya tatu baada ya kukosa hedhi wakitarajia kiondoe mimba, jambo ambalo hakiwezi kulifanya. Anayetaka kujua kama kitanzi kinapatana na imani yake amweleze mhudumu wazi kabla hakijawekwa, kwa kuwa, kama ilivyoelezwa hapo juu, namna kinavyofanya kazi si moja.

Kwa nini wengine hupata mimba ingawa walimeza kwa wakati?

Sababu ya kwanza ni kwamba yai lilikuwa limetoka tayari, au lilikuwa saa chache kabla ya kutoka. Hapo mwanamke hakukosea lolote.

Sababu ya pili huweza kuepukwa, na mara nyingi ndiyo isiyosemwa dukani. Chukua mfano wa mwanamke ambaye kwa kawaida yai lake hutoka siku ya 14 ya mzunguko. Anajamiiana bila kinga siku ya 11 usiku, na asubuhi ya siku ya 12 anameza kidonge. Dawa inafanya kazi yake sawasawa: yai halitoki siku ya 14, linaahirishwa, tuseme hadi siku ya 19. Mbegu za siku ya 11 zimekufa. Lakini siku ya 17, akiamini kwamba amekingwa na kwamba siku za hatari zimepita kwa hesabu yake ya kila mwezi, anajamiiana tena bila kondomu. Mbegu hizi mpya zinalikuta yai siku ya 19. Mimba inatunga, naye analaumu dawa, ilhali dawa ilizuia kile ilichomezwa kukizuia. Kidonge cha dharura hakikingi tendo lolote linalofuata, na kwa kuwa kimelisogeza yai mbele, siku zinazofuata zinaweza kuwa za hatari zaidi kuliko mwanamke anavyozijua. Tumia kondomu kila mara, au jizuie, mpaka hedhi inayofuata ije au njia ya kawaida ya uzazi wa mpango ianze kufanya kazi.

Sababu nyingine ni kutapika mapema, dawa nyingine zinazopunguza nguvu ya kidonge, uzito wa mwili, na kuwa tayari na mimba ya tendo la wiki zilizotangulia. Zinaelezwa hapa chini.

Vidonge hivi huzuia mimba kwa kiasi gani?

Hesabu inayotumiwa na wataalamu wa uzazi wa mpango ni hii: wanawake 100 wakijamiiana mara moja bila kinga katika wiki ya pili au ya tatu ya mzunguko, karibu 8 kati yao watapata mimba. Wote 100 wakimeza levonojestreli, karibu mmoja atapata mimba. Wakimeza ulipristali, ni chini ya mmoja. Wakitumia njia ya vidonge vyenye vichocheo viwili, ni karibu wawili. Shirika la Afya Duniani linataja kwamba katika tafiti mbalimbali kiwango cha mimba kwa waliotumia levonojestreli kilikuwa kati ya asilimia 1.2 na 2.1, na kwa ulipristali asilimia 1.2. Kitanzi cha shaba huzuia zaidi ya asilimia 99.

Inafaa kuzisoma tarakimu hizi kwa makini. Tangazo linaposema kwamba kidonge kina nguvu ya asilimia 95, halimaanishi kwamba wanawake 5 kati ya 100 watapata mimba. Linamaanisha kwamba kati ya mimba ambazo zingetunga, sehemu hiyo imezuiwa. Kadhalika, mwanamke ambaye hakupata mimba baada ya kumeza kidonge mara nne hawezi kuwa na hakika kwamba kidonge ndicho kilichomsaidia mara zote nne, kwa kuwa huenda baadhi ya siku hizo hapakuwa na yai la kurutubishwa.

Ni wakati gani hasa ninahitaji njia ya dharura?

Unaihitaji ikiwa hamkutumia kinga yoyote. Ikiwa kondomu ilipasuka, iliteleza ikatoka au iliwekwa katikati ya tendo. Ikiwa mwanamume alikusudia kutoa nje akachelewa. Ikiwa mlitegemea kalenda na hesabu ikawa na makosa. Au ikiwa kitanzi kimetoka chenyewe. Anayetumia vidonge vya kila siku vyenye vichocheo viwili aifikirie akiwa amesahau vidonge 3 au zaidi mfululizo, hasa katika wiki ya kwanza ya pakiti. Vidonge vya kichocheo kimoja havina uvumilivu huo. Kwa vingi vya aina hiyo, kuchelewa kwa zaidi ya saa 3 kunatosha kumfanya asiyenyonyesha kutafuta ushauri. Kwa sindano ya miezi 3 ya depo, hatari huhesabiwa pale mtu anapochelewa zaidi ya wiki 4 kupita tarehe aliyopangiwa.

Mwanamke aliyejifungua hahitaji njia ya dharura katika siku 21 za kwanza. Baada ya hapo uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi kabla hata hedhi ya kwanza haijaonekana, isipokuwa kwa mama ambaye mtoto wake hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na mama mwenyewe hajaona hedhi.

Swali la kama siku fulani ni "salama" huulizwa sana. Mzunguko hubadilika kwa sababu ya safari, ugonjwa, msongo wa mawazo au bila sababu inayoonekana, na kwa hiyo mwenye shaka ni heri ameze kuliko kubashiri.

Nimeze vipi, na nikitapika je?

Meza kwa maji, ukiwa umekula au hujala. Chakula chepesi kabla yake huweza kupunguza kichefuchefu. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi na hakikisha kidonge kimo ndani ya karatasi yake ya kiwandani isiyofunguliwa; kidonge kilichokatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti na kuuzwa kikiwa hakina jina wala tarehe usikikubali, kwa kuwa huna njia ya kujua ni nini.

Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza levonojestreli, au ndani ya saa 3 baada ya kumeza ulipristali, rudia dozi mapema iwezekanavyo. Mhudumu anaweza kukupa dawa ya kuzuia kutapika kwanza. Ukitapika baada ya muda huo, dawa imekwisha kuingia mwilini. Pombe haiharibu kidonge, ila anayekunywa akatapika anarudi kwenye tatizo lile lile.

Ni maudhi gani nitarajie?

Wengine hawahisi chochote. Wengine hupata kichefuchefu, kuumwa kichwa, kizunguzungu, uchovu, maumivu kidogo chini ya kitovu au matiti kuuma, na hayo kwa kawaida hupita katika siku moja au mbili.

Linalotia watu wasiwasi zaidi ni damu. Matone ya damu yanaweza kuonekana siku chache baada ya kumeza, na hedhi inayofuata inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa. Kuna imani iliyoenea kwamba damu hiyo ya siku chache ni ishara kuwa "dawa imefanya kazi" na kwamba asiyeiona amekwisha shika mimba. Sivyo. Matone hayo hutokana na kuyumba kwa vichocheo, hayathibitishi lolote upande wowote, na hayahesabiwi kuwa hedhi. Aliyeyaona bado anapaswa kupima ikiwa hedhi yenyewe haikuja.

Je, yupo asiyeruhusiwa kutumia?

Kwa levonojestreli ni vigumu kumtaja. Shirika la Afya Duniani haliweki kikomo cha umri, na hata wanawake ambao hawashauriwi kutumia vidonge vya kila siku vyenye estrojeni (kimoja kati ya vile vichocheo viwili), kwa mfano waliowahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, wanaweza kumeza kidonge cha dharura, kwa kuwa ni dozi ya mara moja. Uchunguzi wa ndani, kipimo cha damu au kipimo cha mimba si sharti la kupewa. Mwenye pumu kali anayetumia vidonge vya steroidi hashauriwi kutumia ulipristali. Kitanzi hakiwekwi kwa mwenye mimba au mwenye maambukizi ya nyonga yanayoendelea.

Ninatumia dawa nyingine. Je, zitaingiliana?

Antibayotiki nyingi za kawaida, kama amoksilini, hazina shida. Zenye shida ni zile zinazolifanya ini liiondoe levonojestreli mwilini haraka: rifampisini inayotibu kifua kikuu, dawa kadhaa za kifafa zikiwemo kabamazepini, fenitoini na fenobabito, na efavirenzi iliyo katika baadhi ya mchanganyiko wa ARV. Athari hiyo hubaki kwa takriban wiki 4 hata baada ya kuziacha. Kwa anayezitumia, kitanzi cha shaba ndicho chaguo lisiloguswa na mwingiliano huo. Asipokipata, miongozo ya Uingereza inaruhusu dozi maradufu ya levonojestreli, yaani miligramu 3, na haishauri ulipristali. Usiache dawa zako za ARV, za kifafa au za kifua kikuu ili kupisha kidonge cha dharura. Mtajie tu mfamasia dawa zote unazotumia, hata kama hupendi kueleza ni za nini.

Je, uzito wa mwili una athari?

Unaweza kuwa nayo. Levonojestreli inaonekana kupungua nguvu kwa wanawake wenye uzito mkubwa. Miongozo ya Uingereza inaweka alama kwenye kilo 70, au uwiano wa uzito na urefu (BMI) unaozidi 26, na kwa aliyevuka hapo inapendekeza kitanzi, ulipristali, au dozi maradufu ya levonojestreli. Shaba haijali uzito. Hilo lisimfanye mtu mnene anyimwe kidonge ikiwa ndicho pekee kilichopo, kwa kuwa nguvu iliyopungua bado ni bora kuliko kutotumia chochote.

Ninanyonyesha. Nifanye nini?

Levonojestreli inaweza kumezwa na mama anayeendelea kunyonyesha. Kwa ulipristali, maelezo ya dawa barani Ulaya yanashauri mama akamue na kumwaga maziwa kwa wiki moja, na kwa mama mwenye mtoto mchanga hilo ni sababu ya kutosha kuchagua levonojestreli au kitanzi.

Naweza kutumia mara ngapi? Je, italeta ugumba?

Haileti ugumba. Dawa hutoka mwilini katika siku chache, na uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja, kiasi kwamba, kama ilivyoonekana katika mfano wa siku ya 17, unaweza kurudi katika mwezi huo huo. Hofu ya ugumba imewafanya wasichana wengi waogope kidonge kimoja kuliko wanavyoiogopa mimba yenyewe.

Kurudia si hatari kwa maisha, hata katika mzunguko mmoja, na mtu asikataliwe kwa sababu alikuja wiki iliyopita. Kinachofanya kisiwe cha kila wiki ni sababu za kawaida: kinazuia mimba kwa kiwango cha chini kuliko vipandikizi, sindano, kitanzi au hata vidonge vya kila siku vikimezwa vizuri, na kinavuruga hedhi hadi mwanamke asijue yuko siku ya ngapi. Anayejikuta akikihitaji mara kwa mara anahitaji njia nyingine, na mazungumzo ya heshima kuihusu.

Ikiwa unarudia katika mzunguko huo huo, endelea na aina ile ile. Aina hizi mbili zikifuatana kwa karibu zinaweza kudhoofishana, kwa kuwa moja inatuma ujumbe ambao nyingine inauziba. Kumeza dozi nyingi za ziada kwa tendo moja "ili kuwa na hakika" kunaongeza kichefuchefu tu.

Je, kujiosha, maji ya chumvi, ndimu, soda au kukojoa baada ya tendo kunasaidia?

Hakusaidii. Baadhi ya mbegu huwa zimekwisha ingia katika shingo ya mji wa mimba dakika chache baada ya tendo, na mkojo hupita njia nyingine kabisa. Kujiosha kwa ndani huweza kuleta vidonda na maambukizi. Kumeza dawa nyingi za maumivu au za malaria kwa nia hiyo ni hatari kwa ini na kwa maisha.

Kitanzi kinawekwaje, na nikikihitaji kwa dharura tu?

Huwekwa kliniki kwa dakika chache. Maumivu kama ya hedhi wakati wa kuwekewa na siku chache baadaye ni ya kawaida, na hedhi za miezi ya kwanza zinaweza kuwa nzito. Kinaweza kutolewa baada ya hedhi inayofuata, au kikaachwa kiendelee kukinga, na kwa aina zinazodumu zaidi muda huo ni miaka 10 au zaidi. Aliyechelewa kupata miadi ameze kidonge siku hiyo hiyo na aweke kitanzi baadaye ndani ya siku 5, asije akakosa vyote.

Na magonjwa ya zinaa, au ikiwa nimebakwa?

Hakuna njia ya dharura inayokinga VVU, kaswende, kisonono wala maambukizi mengine. Ikiwa kuna uwezekano wa kuambukizwa VVU, uliza papo hapo kuhusu PEP, ambazo ni dawa za kumezwa kwa siku 28 na ambazo lazima zianze ndani ya saa 72. Muda wake ni mfupi kuliko wa kidonge cha dharura, kwa hiyo ukilazimika kupanga safari yako, anzia mahali penye PEP.

Aliyebakwa ana haki ya kupata kidonge cha dharura, PEP, kinga ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina B na msaada wa kisaikolojia. Matibabu haya yasisubiri uamuzi wake kuhusu kushtaki. Ikiwa anafikiria kwenda mbele ya sheria, ni vizuri apimwe kabla ya kuoga na atunze nguo alizovaa katika mfuko wa karatasi; lakini hata aliyekwisha oga asibaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Naweza kuanza njia ya kawaida lini?

Baada ya levonojestreli unaweza kuanza siku hiyo hiyo vidonge vya kila siku, sindano au kipandikizi, huku ukitumia kondomu mpaka njia hiyo ianze kukinga, ambayo kwa nyingi ni siku 7. Baada ya ulipristali ngoja siku 5 kwanza, kwa sababu vichocheo vya njia mpya vinaweza kuifuta kazi yake. Katika siku hizo 5, na mpaka njia mpya ishike, tumia kondomu au jizuie. Kitanzi cha shaba hakihitaji kusubiri.

Mwenzi wangu anaweza kuninunulia?

Anaweza, na ni jambo jema akifanya hivyo bila kuombwa. Ila akumbuke kukuuliza kuhusu dawa unazotumia na siku ya tendo kabla ya kwenda, kwa kuwa mfamasia mwangalifu atamuuliza hayo.

Nipime mimba lini, na nimwone daktari lini?

Pima ikiwa hedhi imechelewa zaidi ya siku 7 kupita siku uliyoitarajia, au ikiwa imekuja ikiwa nyepesi au fupi isivyo kawaida. Ambaye mzunguko wake hautabiriki, au aliyeanza njia nyingine mara tu baada ya kidonge, apime wiki 3 baada ya tendo. Kupima siku ya nne au ya tano hakuna maana, kwa kuwa hata kama mimba imetunga, kichocheo kinachotafutwa na kipimo hakijaonekana katika mkojo.

Kipimo kikionyesha mimba, kidonge ulichomeza hakikuongeza uwezekano kwamba imetunga nje ya mji wa mimba, lakini uwezekano huo haupo sifuri kwa mimba yoyote, na kwa aliyewekewa kitanzi ni jambo la kuchunguzwa mapema. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kutokwa damu isiyo ya kawaida, kuzimia au maumivu ya ncha ya bega katika wiki 3 hadi 8 zinazofuata ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, na kumweleza anayekupokea tarehe ya tendo, aina ya dawa uliyotumia na saa uliyoimeza.